Vijiti Nyekundu ya Afande Kosmasi

"Huyu muzee atatuhamisha mpaka kule kwenye barafu ya mulima, nikasonge bundu, ugali yetu ya muhogo, na soksi mu mikono!"

Ndivyo mama Teopista alimulalamikia bwana yake, marehemu wetu, hapa Bwera, Jumanne tarehe 6 Mei 2025, wakinywa chai. Marehemu alikuwa amesema tu wafunge vitu, wapande juu. Mvua ilinyesha mulimani usiku muzima, lakini muto Lhubiriha, badala ya kujaa, ikapunguka, ikanyamaza.

"Muto ikinyamaza baada ya mvua, kuna kitu imeifunga huko juu," alisema. "Na hiyo kitu itaachia."

Afande Kosmasi Mbusa alizaliwa Kinyamaseke tarehe 14 Machi 1958, kijana wa sita kwa mama yake, kama jina Mbusa inavyosema. Alisoma primari Rukoki mpaka darasa ya saba. Hesabu ilimupenda, Kizungu ikamukataa.

Mwaka 1986 aliingia jeshi, kikosi ya kujenga madaraja. Huko alijifunza kuogopa maji kuliko risasi. Alitoka 1996, akawa chifu wa parishi yetu mpaka 2020, mwaka yenye muto ilikula mashamba. Alipima, akapigilia vijiti nyekundu pahali maji itafika siku ingine. Sisi tukafungia hapo mbuzi. Shemeji Célestin wa Butembo alianikapo suruali.

Alimuoa Teopista tarehe 2 Desemba 1989. Aliwapanga wasimamizi mustari moja, kushoto kulia mpaka altareni; padri naye akajikuta anapiga mguu. Mama anasema ile ndiyo siku ya mwisho alimutii bila kuuliza. Lakini watoto wake hawakulala njaa hata siku moja, na mwenye alipita na shida alikula naye.

Presha ilimushika 2022, daktari akamukataza kupanda mulima. Jumanne ile alipanda, kuangalia muto imefungwa wapi. Wachunga mbuzi walimukuta amekaa kando ya njia, roho imekwisha kutoka, uso inaangalia huku kwetu, filimbi ya jeshi mu mukono. Kama aliipiga, hakuna mwenye alisikia. Vijana wenye walimubeba hawakufika kuangalia muto, walikuwa wanalia.

Ameacha mujane Teopista, watoto Fred Maate, Enid na Benedicte, wajukuu, na ile muto, yenye mpaka leo Alhamisi haijasema neno. Tunamuzika juu, kama alivyoagiza. Lakini viti yenye mumekalia iko chini ya vijiti yake, upande ya muto, na sufuria ya chakula iko chini zaidi.

Mungu amupe usingizi yenye haina kelele ya maji, apumzike kwa amani.

Asubuhi ile mama alimuuliza swali ya mwisho: "Sasa Afande, tukipanda huko, tutarudi lini?"

Marehemu alimaliza chai, akachukua fimbo, akashika njia ya mulima.