Bakuli la Mama Dunia

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Marcelina Telesphory wa Gungu, aliyetutoka wiki iliyopita. Mama lishe wa karibu na stesheni ya reli. Wangapi hapa Kigoma wamekula migebuka yake, samaki wa ziwa letu, wakaramba vidole? Tusidanganyane, ni wengi.

Lakini leo habari yetu si migebuka. Ni mwaka aliojitolea kwa wakimbizi, ng'ambo, Zambia. Na ni bakuli moja aliloliacha kabatini kwake, bakuli ambalo si lake.

Mama Marcelina alikwenda na kikundi cha kanisani. Mumewe, Mzee Elia, anakumbuka alivyoagwa. "Nilimwuliza, mama, wakimbizi si wako hapa hapa mkoani kwetu? Unawafuata Zambia? Akanijibu, hapa wapishi tupo, kule wameomba mpishi. Nikajua hapo sina changu."

Basi akapanda meli ya mizigo, akateremka bandarini Mpulungu, akafika kambini. Kazi yake ilikuwa uji. Kina mama wa Kikongo waliougua, au waliojifungua karibuni, aliwapelekea uji hadi mlangoni, kwenye mabakuli ya jiko la kambi. Uji ulikwenda. Mabakuli hayakurudi!

Tusimpambe kwa kuwa amekufa. Marcelina alikuwa na mdomo. Akasimama katikati ya nyumba zile akapaza sauti, "Jamani! Uji mmekunywa, na mabakuli nayo mmeyatafuna?"

Akajitokeza mama mmoja, jina lake Dunia, na kitoto kichanga mgongoni. Akasema ameinamisha kichwa, "Mama, siye tuko na haya. Bakuli itarudi bila kitu namna gani?"

Mama wee! Jibu hilo lilimwingia Marcelina! Maana ni nani kati yetu asiyelijua hilo? Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Utatia hata konzi ya chumvi, hata ndimu moja. Marcelina alilelewa hivyo, akawalea wanawe hivyo. Lakini kule kambini alidhani mkimbizi ni mtu wa kupokea tu. Hakufikiri kwamba naye ana adabu za kwao. Siku ile alilia jikoni, na wala hakusingizia moshi.

Kesho yake alipita mlango kwa mlango kuomba radhi. "Nileteeni hata jani moja la tembele," aliwaambia, "nitashukuru kwa moyo wote." Mabakuli yakaanza kurudi. Hili na matembele, hili na ndimu, lile na kitunguu kimoja kimelala chini kama mgeni aliyechelewa. Vyote vikaingia chunguni, watu wakala. Na yeye akala. Alizoea kusema, "Nilikwenda kulisha, nikarudi nimelishwa."

Mwaka ukaisha. Siku ya kuondoka, Dunia akaja na bakuli lake mwenyewe. La bati, lina maua ya bluu, na ndicho chombo pekee alichokimbia nacho kutoka kwao Kongo. Ndani yake, mbegu za maharage.

"Hapana, mwenzangu," Marcelina akakataa. "Mbegu nitapokea. Lakini bakuli hili nitakurudishiaje, mimi niko Kigoma?"

"Utarudisha, mama. Ndiyo maana nimekupa. Bakuli yangu ikiwa kwako, bado tuko majirani."

Wasikilizaji wapendwa, maharage yale yalipandwa shambani kwake Simbo. Yalizaa, tena yalizaa sana. Lakini kila safari ilipopangwa, mwili uligoma. Mara presha, mara miguu imevimba. Binti yake, Frida, anasema, "Mama alikuwa hana raha. Alisema, nikifa na bakuli hili humu ndani nitaaibika. Hata siku ya mwisho hospitalini aliniuliza, Frida, maharage yamekauka?"

Yamekauka, Mama Marcelina. Matanga yameanuliwa jana, na Frida amekwisha kata tiketi ya meli. Anakwenda Zambia.

Mzee Elia, Frida, na ukoo wote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi, na tunashukuru kwamba mtu wa namna ile alikuwa wetu. Asante kwa kumruhusu aende, na asante kwa kumpokea aliporudi.

Nasi tuliobaki, hebu jioni hii tufungue kabati zetu. Chombo cha nani kimekaa humo? Nani alitutendea wema, nasi tukanyamaza tu, eti hatuna cha kutia?

Na wewe Mama Dunia, kama sauti hii inavuka maji ikufikie hapo ulipo, usinyooshe shingo mlangoni kumtafuta Marcelina. Ametangulia. Atakayebisha hodi ni mwanawe. Mpokee. Bakuli lako anakuja nalo, na limejaa hadi ukingoni.