Momir Bešlin, Mkono wa Vidra

Ijumaa hii, tarehe thelathini Mei, Bwana Momir Bešlin anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya hapa Novi Sad kwa miaka thelathini na mmoja. Mkurugenzi ametaka wasifu wake uandikwe na jikoni, kwa kuwa jikoni ndiko Mzee Momir alikokuwa akisema yaliyo moyoni. Kwa hiyo wasomi wa ghorofa ya pili mtanivumilia.

Aliingia kazini wakati programu yetu ya sataranji, Vidra, ikiuzwa kwenye diski za plastiki. Yeye ndiye aliyezitia kwenye bahasha na kuzipeleka posta kwa baiskeli. Toleo la kwanza lilikuwa zito la kufikiri, hata mteja mmoja wa Zrenjanin akapiga simu kusema diski yake imekufa. Momir alimfuata nyumbani, wakanywa kahawa, wakasubiri. Hatimaye Vidra ikasogeza farasi. Mteja akanunua diski nyingine ya kumpa shemeji yake.

Kwa mliokuja juzi, kazi yake hasa ilikuwa kuikalia Vidra kwenye mashindano. Mashine haina mikono. Programu zikishindana, kila moja ina mtu wake wa kukaa mbele ya ubao: anasoma kwenye kioo mashine inataka nini, anasogeza kete, anabonyeza saa, kisha anaiandikia mashine jibu la mpinzani. Kufikiri haruhusiwi. Mtu aliyecheza sataranji tangu utotoni kukaa hivyo mchana kutwa, ni kama kumsimamisha mpishi mbele ya sufuria inayofurika ukamwambia asiguse. Momir aliweza. Kilichomshinda ni kunyamaza. Aliibembeleza Vidra kama mtoto anayekataa uji, na waamuzi wa nchi tatu wamewahi kumkanya.

Burek ya safari, ile sambusa yetu kubwa ya jibini, nilimfungia mimi, na matokeo niliyajua kwa mkebe. Ukirudi mtupu, tumeshinda. Ukirudi umejaa, sikuuliza kitu.

Sasa nifike kwenye Vidra ya mwaka huu. Mnajua Dunja ni binti yangu, basi hapa mnisamehe nikipendelea kidogo. Hili lilikuwa toleo la kwanza kukabidhiwa yeye. Msimu wote wa baridi aliifundisha mashine kufikiri vizuri hata muda ukiwa umebaki kiduchu, na wapo waliosema anapoteza mshahara wa watu. Mkurugenzi akatoa neno: Vidra isiporudi kutoka mashindano ya Subotica ikiwa ndani ya tatu bora, toleo jipya litabaki kabatini na la zamani litaendelea kuuzwa. Dunja akaacha kula. Momir naye wakati huo alikuwa ameomba aongezewe mwaka mmoja kazini, akidai hakuna mwingine wa kuikalia Vidra.

Mchezo wa mwisho, sare ingetutosha. Mbele ya Momir alikaa Gyula wa Szeged, mkaaji wa mashine pinzani, ambaye kila mwaka humwambia kwamba Vidra ingekaliwa na kitundikia makoti ingeshinda zaidi. Mimi na Dunja tulisimama nyuma ya kamba, mimi na kikapu changu.

Mashine ya Gyula ikala askari wetu. Mchezaji yeyote akiliwa askari namna ile mkono unajibu wenyewe, na wa Momir ukajibu: ukala, ukabonyeza saa. Ndipo kioo kikaonyesha ilichotaka Vidra. Haikutaka kula kabisa. Ilitaka mfalme asogee pembeni kimya kimya. Gyula alikwishaandika, mashine yake inafikiri, na hakuna aliyeona kitu. Momir angeweza kuiandikia Vidra kwamba ndivyo ilivyocheza, na mchezo ungeendelea.

Alisimamisha saa, akanyoosha mkono kumwita mwamuzi.

Kete zikarudishwa, lakini kosa la mkaaji hulipwa kwa dakika za mashine yake. Vidra ikabakiwa na muda mchache wa kutisha. Dunja alikuwa mweupe kama jibini.

“Mzee Momir, umetumaliza,” akasema.

“Nimekosea mimi, mwanangu, siyo yeye. Mwache acheze.”

Mfalme akasogea pembeni. Kuanzia hapo Vidra ilijibu harakaharaka, kete baada ya kete, na Momir akawa kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mashine ya Gyula ilizunguka, ikabisha hodi kila upande, haikupata mlango. Sare. Nafasi ya tatu.

Baadaye Gyula alituonyesha kioo chake. Kule kula kwa haraka kungetuua. Aliyecheka zaidi ni Momir mwenyewe, akacheka hadi akafuta macho, na kesho yake akaondoa ombi lake la mwaka wa ziada. Akamwambia mkurugenzi kwamba mashine hiyo sasa inaweza kukaliwa na mtu yeyote mwenye adabu.

Desturi yetu ni kwamba aliyeikalia Vidra ndiye anayebonyeza kitufe cha kulipeleka toleo jipya kwa wateja. Jumatatu tulikusanyika wote, hadi mlinzi. Momir alikiangalia kile kitufe, akarudi nyuma, akamsogezea Dunja kiti.

“Bonyeza wewe,” akamwambia. “Mkono wangu una haraka.”

Toleo hilo limekwishalipiga la zamani mara nyingi kuliko tulivyotarajia, na wateja wanaandika kutoka kote. Ijumaa saa saba, kama ilivyo kwetu, anayeagwa ndiye mwenye karamu: kuna mwanakondoo wa kuoka, msile kifungua kinywa kizito.

Mzee Momir, kampuni inakushukuru kwa miaka yote hiyo. Mama mmoja anakushukuru kwa kuisimamisha saa ile. Rudi salama kwa mkeo, Bi Slavka, na maisha yako mbele yawe mema, yenye afya na usingizi wa mchana.

Verica Šijan, jikoni