Mwalimu Desimali na Ripoti Iliyofungiwa Kabatini

Ndugu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Desimali, na mkiona nimekwama katikati ya mstari mnivumilie, karatasi hii nimeiandika mara nne.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mfuaji wa hospitali, na hesabu alianza kujifunza kwa kumshikia baba ncha ya futi, kabla hajajua kusoma. Shule ya msingi aliianza Januari 1965, sekondari Januari 1972, na chuo cha ualimu akakimaliza tarehe 30 Novemba 1978.

Alifundisha hisabati miaka kumi na tisa katika shule tatu, na jina la Desimali alipewa na wanafunzi kwa sababu nukta ikikaa pasipo pake alirudisha karatasi nzima, na hata nyumbani ukimwambia unakuja baada ya nusu saa hivi, alitaka kujua hiyo "hivi" ni dakika ngapi. Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na fundi saa wa mtaa wa pili, na watu walisema wamepatana kweli kweli, kwa kuwa wote wawili walichukia kukisia, wakajaliwa binti, ambaye ni mshonaji, na kijana, ambaye ni dereva wa lori, kisha shemeji yetu akatangulia mbele ya haki Machi 2006.

Mwaka 1998 dada alihamishiwa wizarani, idara ya upimaji, chumba namba sita, chenye dirisha lisilofunga, na mwaka 2011 akakabidhiwa mtihani wa kimataifa wa hisabati na sayansi, ule ambao watoto wa nchi nyingi hujibu maswali yale yale. Zilichaguliwa shule mia moja na hamsini, yeye mwenyewe akafika kwenye shule sitini na mbili kati ya tarehe 3 na 28 Oktoba, na kila alikofika aliwaahidi walimu na watoto kwamba matokeo yatarudi kwao, kila shule na ukurasa wake, yawe mazuri au mabaya.

Matokeo yalifika Desemba 2012, nasi tulikuwa karibu kabisa na mkia. Mkurugenzi wake aliisoma ripoti, akaifunga, akaagiza iwekwe kwenye kabati la chuma mpaka wakati mwafaka, na magazeti yalipouliza yakaambiwa takwimu bado zinachambuliwa, ingawa aliyezichambua alikuwa amemaliza kazi, na alikuwa dada yangu. Aliandika barua kumi na moja kuomba ripoti itolewe, kila moja na tarehe yake, kila moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa, hakuna iliyojibiwa, na tarehe 15 Juni 2015 akahamishiwa stoo ya samani, alikokaa akipanga viti kwa mwaka wa kutengenezwa hadi alipostaafu Juni 2018.

Hapa lazima niseme la kwangu. Januari 2013 dada alikuja nyumbani kunieleza yaliyotokea, na mimi wakati ule nilikuwa mwalimu mkuu wa moja ya shule zile, nikitarajia kupandishwa kuwa mkaguzi, nikamwambia aibu ya nyumba hufunikwa, aachane na jambo hilo. Alinijibu kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua, akamaliza chai yake, akaondoka, na ukaguzi wenyewe sikuupata.

Kisukari kilimwanza mwaka 2009, figo zikachoka mwaka 2019, na kufikia Juni 2021 macho yalikuwa hayaoni tena. Ijumaa ya tarehe 17 Septemba 2021, jioni watu wakifunga ofisi, wizara iliiweka ripoti kwenye tovuti yake bila tangazo lolote, miaka kumi tangu watoto wale wafanye mtihani, wengine wao sasa wakiwa na watoto wao. Binti yake aliichapisha, akamsomea kitandani kwa siku mbili, nami nimeketi pale pale. Walipofika kwenye swali la kugawa robo tatu ya mita ya kitambaa kwa watu wawili, ambalo watoto sita katika kila kumi hawakuliandikia kitu, dada alimwomba binti anyamaze kwanza, akalia, kisha akasema, "Anayekosa amejaribu. Anayeacha wazi, sisi ndio tuliomwacha."

Kiambatisho kilitaja shule kwa namba tu, lakini namba ya shule yangu naijua, nikaona nimwambie mwenyewe tulikoangukia. Akasema, "Najua, mdogo wangu. Ukurasa wako niliupigia hesabu mwenyewe." Miaka tisa alijua, akaja kwangu, akala kwangu, hakunitupia neno. Aliniuliza kama wazazi wameambiwa, nikamwahidi nitawaambia shule ikifunguliwa, shule ikafunguliwa mara mbili, sikusema.

Alifariki Jumanne tarehe 8 Februari 2022, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitatu, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Tunamshukuru daktari wa figo, ambaye hakumficha hata siku moja hali yake, wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, majirani mliompeleka na kumrudisha, na wafanyakazi wenzake, hasa katibu muhtasi aliyetoa nakala ya ripoti na kuitunza miaka yote, ili isije ikasemwa haikuwapo. Kwa wazazi na wanafunzi wangu wa zamani mlioketi upande ule, shule yetu ilikuwa ya mia moja arobaini na saba kati ya mia moja na hamsini, mlikuwa na haki ya kulijua hilo tangu mwanzo, nami nilisaidia kuwanyima, nawaomba radhi mbele ya jeneza lake.

Dada, nimesema, na nimechelewa. Pumzika kwa amani.