Mwalimu Atuganile na Mstari wa Mwisho

Mwalimu Atuganile Danieli Kibona alizaliwa tarehe 3 Aprili 1958 katika kijiji cha Isongole, Ileje, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Danieli, aliyefundisha kwaya kanisani. Akiwa na miaka saba alibadilisha maneno ya wimbo katikati ya ibada. Baba yake alimsimamisha nje Jumapili tatu mfululizo. Alisimulia jambo hilo akicheka, lakini hakulisahau.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao, 1966 hadi 1972, kisha akapata cheti cha ualimu cha Daraja la C mwaka 1978. Alifundisha shuleni Ndalambo kwa miaka kumi na mitatu.

Mwaka 1981 alifunga ndoa na Bwana Watson Simbeye, fundi wa kushona maturubai ya malori. Kazi hiyo ndiyo iliyowaleta Tunduma mwaka 1992. Mwaka huohuo Mwalimu alifungua chekechea katika ukumbi wa kuazima, na somo lake kubwa lilikuwa muziki.

Alifundisha hivi: wimbo ulikuwa na mistari minne, naye alifundisha mitatu. Kisha alinyamaza. Wa nne ulikuwa wa mtoto yeyote aliyekuwa nao. Mtoto akirudia wa mwalimu, alimwambia, "Bado. Huo ni wangu. Wako uko wapi?" Mjini wakamwita Mwalimu Bado.

Ukimya ule ulimtesa. Alikunja vidole nyuma ya mgongo akihesabu, asijue kama kuna mtoto atakayejitokeza. Mwaka 1995 mkaguzi alipokuja, watoto walikaa kimya mno, naye kwa hofu akauimba mstari wa nne mwenyewe. Mkaguzi alisifu. Watoto walikaa wiki tatu wakimtazama mdomo, wakisubiri awape tena. Katika daftari lake aliandika: "Niliwasaidia. Nimewaharibia."

Wazazi nao walihofu. Kufikia Novemba 1998 watoto arobaini na mmoja walikuwa wamebaki kumi na saba. Bwana Seleman, dereva wa lori, alifika kumwondoa binti yake Naila, mwenye miaka mitano.

"Mwalimu, mtoto ana miezi mitano hapa, hajamaliza wimbo hata mmoja. Kwa wenzako wanaimba mpaka mwisho."

"Kaa kwenye benchi, baba Naila. Ila usimsaidie."

Siku hiyo watoto walikuwa wakipiga makopo, wakitafuta mlio wa mvua: kwenye bati, kwenye mgomba. "Na kwenye lori?" Mwalimu aliuliza, akanyamaza. Kimya kilirefuka hadi Seleman akanyanyuka nusu. Ndipo Naila akaimba: "Mvua juu ya turubai, baba yangu halali."

"Kwani anaogopa?" aliuliza Boazi, mwenzake.

"Anaogopa mzigo utalowa."

"Basi tuimbe haraka au polepole?" aliuliza Mwalimu.

"Haraka!" alisema Boazi. "Mtu akiogopa anakimbia."

"Polepole," alisema Naila. "Baba akiogopa hasemi."

Walibishana, wakaimba kwa namna zote mbili, wakachagua polepole. Seleman alitoka bila mtoto, na Januari alileta wa pili.

Nyumbani hali haikuwa tofauti. "Miaka thelathini na mitatu," husema Bwana Watson, "sijamaliza wimbo bafuni. Nikifika mwisho, nasikia nje: bado!"

Machi 2013 Mwalimu alipata uvimbe kooni. Alifanyiwa upasuaji Mbeya, na kufikia Agosti sauti ilikuwa imekwisha. Aliendelea kufundisha kwa mikono, huku msaidizi wake, Mwalimu Ketrina, akiimba mistari mitatu. Wasiwasi wake ulikuwa mmoja, na aliuandika mara nyingi kwenye karatasi: je, watoto wataimba wa nne asipokuwepo wa kuwasubiri? Karatasi ya mwisho aliyompa Ketrina ilikuwa na neno moja: "Usiwasaidie."

Alifariki nyumbani kwake Tunduma tarehe 19 Oktoba 2014, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto watatu, Loisi, Samwel na Nesta, wajukuu watano, na watoto thelathini na wanane wa chekechea, waliosimama hapa mbele na makopo yao.

Muda mfupi ujao watoto hao wataimba wimbo wa mvua. Wataimba mistari mitatu, kisha watanyamaza. Hatujui nini kitafuata. Ketrina naye hajui. Huenda kimya kikawa kirefu. Familia inawaomba watu wazima wote, wanakwaya na wachungaji wakiwemo, wasiwasaidie.

Mwalimu, kazi ya kusubiri tuachie sisi. Wewe pumzika, na Mungu akupe amani.