Neno "Paka" na Mashine ya Kuangulia Vifaranga

Mgeni rasmi, Mkuu wa Ofisi ya Mitambo Midogo. Wasaidizi wako mliobeba mafaili. Mwenyekiti wa mtaa. Na ninyi majirani mliotuazima viti hivi tulivyovikalia: salaam.

KARIBU

Sisi wanachama wa Kikundi cha Ubawa Mmoja tunakukaribisha katika chumba hiki ambacho zamani kilikuwa stoo ya saruji. Tafadhali usiegemee ukuta, bado unatoa vumbi na suti yako ni nyeusi. Tulikualika mashine ilipokataa kufanya kazi, ukasema una shughuli. Tulikualika ilipokubali, ukasema una shughuli. Leo umekuja kuichukua, na nafasi imepatikana. Karibu sana.

Tunasema mapema ili asiwepo wa kushangaa. Mkaguzi wako ametuarifu kwamba baada ya hotuba yako mashine itafungwa kamba ipelekwe kwa kikundi kingine, kwa kuwa sisi tuliipaka mafuta. Risala hii inahusu mafuta hayo.

HISTORIA FUPI

Kikundi hiki ni cha mabibi. Wachache wetu bado ni mama tu, lakini nao wanaelekea huko. Kila mmoja alikuwa na kuku wake nyuma ya nyumba mpaka mdondo ulipopita mtaani. Ugonjwa huo haubishi hodi. Asubuhi moja banda la Bi Taratibu lilikuwa kimya, na alipofungua mlango aliwakuta kuku wake wamelala chini kama nguo zilizodondoka kwenye kamba. Nyumba ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Hakubaki jogoo, hakubaki tetea, hakubaki hata kuku mmoja wa kuatamia.

Bi Taratibu ndiye mtunza mashine wetu. Jina hilo tumempa kwa sababu hata sufuria ikipinduka, huuliza kwanza nani ameungua. Baada ya mdondo aliendelea kufagia banda tupu kila asubuhi. Mjukuu wake akamuuliza, "Bibi, unamfagilia nani?"

"Wanaokuja," akajibu.

Hakujua watatoka wapi. Alifagia tu.

Ndipo ofisi yako ikatuletea mashine ya kuangulia vifaranga: sanduku la mbao lenye kioo, balbu ya kutia joto, feni, kijiti cha chuma cha kupimia joto hilo, na kompyuta ndogo inayolingana na kipande cha sabuni, ya kuviongoza vyote. Kwa hayo tunakushukuru, na tunashukuru bila kukunja uso. Ila kompyuta hiyo ni ya Linux, haina picha za kubonyeza. Unaiandikia amri, mstari mmoja mmoja, nayo inatii au inakataa. Kwa hiyo mkatuletea na kitabu cha vidokezo.

Tulikusikia redioni siku ya kukizindua. Ulisema kitabu chote ni Kiswahili, mwanzo hadi mwisho, hakuna hata neno moja la kigeni. Ulipigiwa makofi. Sisi pia tulipiga. Tulikuwa hatujakifungua.

CHANGAMOTO

Kwa desturi mafanikio hutangulia. Kwetu yalichelewa, na humu pia yatachelewa.

Kitabu kilianza hivi: "Hakikisha kila kifaa kina dereva." Tukamwita dereva. Usicheke, mgeni rasmi, kitabu ni chako. Jirani yetu anaendesha lori la taka; alikuja na nguo zake za kazi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akasikiliza tukimsomea.

"Mama zangu," akasema, "leseni yangu ni ya lori. Sanduku hili sijalisomea."

"Lakini kitabu kinakutaka wewe," Bi Taratibu akamwambia.

"Basi nitakaa. Isije ikasemwa nimekimbia kazi."

Akakaa. Baadaye tuliambiwa dereva aliyetakiwa ni programu ya kuelewanisha kifaa na kompyuta. Lakini katika mambo yote yaliyotoka katika kitabu chako, dereva huyo ndiye peke yake aliyetufaa.

Ukurasa wa pili ulisema kwamba baada ya kubadilisha chochote, "vaa buti tena." Mwenzetu mmoja akaazima mabuti ya mumewe ya mvua, akayavaa, akayavua, akayavaa tena, huku tukiiangalia kompyuta itafanya nini. Haikufanya kitu. Mpaka leo anaitwa Mama Buti, na sasa hata mumewe anamwita hivyo. Baadaye tulikuja kuelewa kwamba kompyuta ndiyo ilitakiwa kuzimwa na kuwashwa upya, kile wanachokiita 'reboot'. Miguu yetu haikuhusika.

Kisha tukafika kwenye paka. Kitabu kiliandika: "Ili kusoma joto, toa amri: paka mtumwa." Bi Taratibu akaiandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, akisema "samahani" kila alipokosea. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna amri ya namna hiyo. Tukaandika tena. Ikajibu vilevile. Basi wazee tukakaa kitako kulitafakari neno.

"Mtumwa gani?" Mama Buti akauliza. "Humu ndani hatuna mtumwa."

"Labda ni hiki kijiti," akasema Bi Taratibu. "Si ndicho kinachotumwa kuleta habari za joto?"

"Haya. Na kupaka?"

"Kupaka ni kupaka."

"Kupaka nini sasa?"

"Hawakusema. Nadhani mafuta. Chuma hupakwa mafuta."

Mgeni rasmi, tafuta kosa katika mazungumzo hayo. Sisi tumelitafuta hatulioni. Tukaleta mafuta ya kupikia, Bi Taratibu akakipaka kijiti taratibu kama anavyompaka mtoto aliyetoka kuoga, akakirudisha mahali pake. Tukasubiri joto lisomeke. Halikusomeka.

Balbu ikawaka, haikujua lini izime. Mayai yalikuwa yameshawekwa, tuliyafuata mbali, tukayapakata mapajani njia nzima. Bi Taratibu na dereva wakapokezana kusimama pale, mmoja akifunua kifuniko joto lilipozidi, mwingine akifunika lilipopungua, wakilipima yai kwa kuligusisha kwenye kope kama walivyofanya bibi zetu. Mikono ilichoka kabla ya balbu. Siku za kuangua zilipita, hakikutoka kitu. Bi Taratibu akavunja yai moja, akakuta kifaranga aliyetimia, mpaka na kucha. Hakuvunja jingine. Dereva alichukua jembe bila kuitwa, akachimba nyuma ya ukuta, akageuka upande mwingine bibi wa watu alipokuwa akifukia.

Hapo ndipo mkaguzi wako alipofika, leso puani. Aligusa kijiti, akanusa kidole.

"Nani amepaka mafuta kifaa cha ofisi?"

"Kitabu," Bi Taratibu akajibu.

"Kitabu kina mikono?"

"Hakina, mwanangu. Ndiyo maana kilitutuma sisi."

Hakucheka. Aliandika kwamba kikundi hakina uwezo wa kutumia teknolojia. Hakufungua kitabu. Hakuuliza kuhusu mayai. Maji tuliyompa hakuyanywa, aliyaangalia tu kana kwamba nayo tumeyapaka.

MAFANIKIO

Sasa tunafika kwa mgeni mwingine, ambaye ofisi yako haijui kwamba alikuja.

Alisimama mlangoni, shati limelowa jasho, viatu vimejaa vumbi la mtu aliyetembea. Akapiga hodi. Tukamwambia karibu, baba.

"Mimi ndiye niliyeandika paka," akasema.

Mgeni rasmi, kwa mtu huyo maneno tulikuwa nayo. Tulikuwa tumeyanoa siku nyingi. Mama Buti alikuwa amenyanyuka kabisa. Lakini Bi Taratibu akamsogezea kiti, akampa maji, na yule kijana akayanywa yote. Kisha akauliza, "Mashine yenyewe iko wapi? Sijawahi kuiona."

Mtu alipewa kitabu cha mashine akifasiri, na mashine hakuonyeshwa. Alituambia aliomba kukaa mbele yake ajaribu kila amri kabla ya kitabu kuchapwa. Akaambiwa hakuna muda, Mkuu ameshatangaza siku ya uzinduzi, na asiache hata neno moja la kigeni. Basi akafasiri vyote, hadi amri zenyewe.

"Kwani amri hazifasiriwi?" Bi Taratibu akamuuliza.

"Amri ni kama jina la mtu, bibi. Jirani yako ukimwita kwa tafsiri ya jina lake, hatageuka."

"Kwa hiyo paka ni nani?"

"Ni neno 'cat', amri ya kuonyesha kilichomo ndani ya faili. Kwa lugha yao ni yule mnyama."

"Paka?" akasema Mama Buti. "Paka aangue vifaranga?"

Hapo hata yule kijana alicheka. Akaketi, Bi Taratibu pembeni yake, wakaziita amri kwa majina yake, wakajaribu moja baada ya nyingine, ikikataa wanasoma imekataa nini. Walikosea sana wote wawili. Kijiti walikifuta kwa kitambaa. Ni chuma, mafuta hayakukidhuru kitu. Hatimaye wakaandika "cat" na jina la faili la kijiti, ambalo kweli ndani yake lina neno 'slave', yaani mtumwa, na waliolipa jina hilo wajibu wenyewe. Ikatoka namba ndefu. Tarakimu mbili za mwanzo zikawa ndizo nyuzi za joto. Bi Taratibu akatia mkono ndani ya sanduku, akautoa, akasema, "Ni kweli." Wakaielekeza balbu ifuate namba hiyo, ikazima yenyewe. Alilia kidogo, na kijana akajifanya anatafuta kalamu.

Tangu hapo tumejua mambo, na tunakugawia, maana katika kitabu chako hayamo. Kabla hujagusa waya wowote, andika "sudo poweroff" na usubiri taa itulie. Ukiichomoa kompyuta ghafla, kadi yake ya kumbukumbu huharibika, kama mtoto aliyeamshwa kwa kuvutwa mguu. Hiyo "sudo" ndiyo hodi ya mwenye nyumba: kuna amri ambazo bila hiyo hutaruhusiwa, na kwa sababu hiyohiyo usiitumie ovyo, mwenye funguo zote anaweza kubomoa vyote. Ukichomeka kifaa na hujui kama kimeonekana, "lsusb" itakutajia vilivyomo katika matundu ya USB. Kompyuta ikichomekewa kitu hunung'unika pembeni. Amri "dmesg" ndiyo ya kukusomea manung'uniko hayo, na la karibuni liko mwisho. Faili la mipangilio ukitaka kulibadilisha, kwanza linakili kwa "cp", upate pa kurudi. Herufi kubwa na ndogo hazina undugu: ukiweka moja badala ya nyingine, amri haijibu. Na usiandike upya amri ndefu: mshale wa juu huirudisha, na kitufe cha Tab humalizia jina ulilolianza. Bi Taratibu anakipenda hicho kuliko vyote. Anasema kina adabu, hukusaidia kumalizia bila kukukata kauli.

Mabibi wa mtaa wa pili, nao walioletewa kitabu hicho hicho, wamekuja kujifunza kwake. Walikuja wamevaa mabuti. Hatukuwacheka. Baadaye kidogo tuliwacheka.

MAOMBI

Tunaomba kitabu kirudi kwako. Nakala zetu zipo mezani, jalada lake ni zuri na picha yako imetoka vizuri. Kikichapwa tena, amri ziachwe na majina yake na maelezo yawe Kiswahili. Sisi tunakipenda Kiswahili, ndiyo maana hatupendi kikivalishwa buti. Na kabla ya makofi, kila amri ijaribiwe kwenye mashine, pembeni akae mzee asiyejua kitu.

Tunaomba mfasiri asiguswe. Tunajua mtu atatafutwa wa kubeba mzigo huu, na migongo ya vijana ndiyo huwa karibu. Yeye alikuja kwa miguu yake. Wewe umekuja kwa gari na mkaguzi.

Na tunaomba mashine ibaki. Hilo ndilo ombi. Mengine ni mapambo. Mafuta tuliyapaka, hatukani. Tuliyapaka kwa sababu tulitii, na sasa tunaadhibiwa kwa utii huo na ofisi iliyotoa amri.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, mayai mengine yamo ndani, na tangu asubuhi yanagongwa kwa ndani. Ukinyamaza kidogo utasikia. Matatu yameshatoboka. Kifaranga akishaanza kutoboa, hahamishwi, hatikiswi, wala hapoozwi.

Ukiamua kuichukua mashine leo, hatutakuzuia. Sisi ni wazee, na vijana wako wana nguvu. Lakini mayai yanabaki, na kuku wa kuatamia mtaa mzima hayupo. Kwa hiyo tumekutandikia majani makavu kwenye kona ile. Vua koti, mgeni rasmi, uketi juu ya mayai taratibu, uyaatamie mwenyewe. Bi Taratibu atakuletea maji, maana anayeatamia haondoki mpaka wa mwisho atoke.

Mwenyezi Mungu akujalie umri, subira, na joto la kutosha.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Ubawa Mmoja