Salum Bombei Anatafsiri Nomino

Benchi letu liko mtaa wa Troyeville, huku kusini tulikohamia, mbele ya duka la Ruphin fundi cherehani, upande unaopigwa na jua wakati wa baridi. Mimi Bakiri ndiye mwenye birika la kahawa, kwa hiyo upuuzi wote nausikia na sina pa kukimbilia. Siku ile ya Julai, mwaka 2017, tulikuwa na jambo zito. Gaston, mtu wa Uvira anayelinda magari ya watu barabarani, alikuwa ameitwa kesho yake asubuhi akahojiwe kwa Kiingereza, kazi ya kulinda geti mtaa wa Observatory. Kuna kibanda chenye paa, kuna mshahara wa mwezi. Akiipata, mkewe Célestine ataacha kusuka watu nywele kwenye baridi, hapo ng'ambo ya barabara, na mimba imeshamlemea. Gaston alikuwa hajalala. Ndipo Salum akatoa simu.

Salum ni wa Tanga. Tunamwita Bombei kwa sababu anadai Kihindi alikimaliza kwenye sinema kabla hajaota ndevu. Alikuwa amepata video ya mwalimu wa Kihindi anayewafundisha Wahindi wenzake aina za nomino za Kiingereza. Ruphin, ambaye tunamwita Avoka, yaani wakili, maana hajawahi kukubali kushindwa, alitaka mwalimu wa Kifaransa. Lakini simu ya Salum, bando la Salum.

— Wahindi Kiingereza walikikuta kama sisi, alisema Salum. Wanajua kinapouma. Mimi natafsiri.

Mwalimu akasema propa nauni, kisha Kihindi kikatiririka.

— Anasema aje? aliuliza Gaston.

— Hiyo nomino ya pekee. Ndiye stelingi wa picha. Hafi, hana mwenzake, na jina lake laandikwa kwa herufi kubwa.

— Na komoni?

— Za kawaida. Hao ndio wanaopigwa na stelingi. Wako wengi, na majina yao hayajulikani.

Gaston akatazama chini.

— Miye niko komoni, alisema taratibu.

Salum akajifanya hakusikia, akaingia kolektivu. Hiyo, alitueleza, ni polisi: hawaji mmoja mmoja, huja kundi zima vita ikishakwisha. Ruphin akaongeza kwamba haba na haba hujaza kibaba, akidhani amesaidia.

— Sasa abstrakti, alisema Salum. Kitu kisichoshikika wala kuonekana. Mapenzi.

— Ngoja kwanza, Papa Salum, alidakia Ruphin. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kikohozi tunakisikia, na daktari anakitibu. Kwa hiyo mapenzi iko kitu kabisa.

Walibishana hapo hadi wakataka mimi niamue. Nikasema nomino ninayoijua ni kahawa, na inapoa.

Mara mwalimu akainua sauti, akanyoosha kidole chini, na picha ya kengele ikatokea kwenye kioo. Salum akafumba macho.

— Hapa amezama. Ni kengele ya hekalu. Mama kapoteza mwana, kila ikilia anamkumbuka. Kengele yashikika, mlio haushikiki. Hiyo ndiyo abstrakti kamili.

Gaston akawa anairudia moyoni, midomo ikicheza. Nilimhurumia.

Wakati huohuo mama Kusum akaja kuchukua mapazia yake kwa Ruphin. Ni bibi wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga, anauza nyuzi na vifungo kule Doornfontein. Salum akamkaribisha kwa furaha, mgeni njoo mwenyeji apone. Mama akainamia simu, akasikiliza.

— Salum, ndivyo anavyosema?

— Si kwa maneno hayohayo, mama.

— Huyu anaomba watu wabonyeze kengele hapo chini, video zake mpya ziwafikie. Nomino amezimaliza kitambo.

Ruphin alicheka hadi kikombe kikamwagika. Salum akawa anakagua viatu vyake. Gaston hakucheka, alisimama.

— Basi siende kesho. Bataniuliza, nitanyamaza kama jiwe.

— Keti, mwanangu, alisema mama Kusum. Nanyi niwaulize neno moja. Kesho bosi akifungua mlango, huyu atamsalimuje?

Niseme ukweli, niliona aibu. Sisi ambao mtu hapiti hapa bila kuulizwa habari za nyumbani, za watoto na za baridi, mchana kutwa tunagawa nomino, salamu hatukuigusa.

Mama akaketi na mapazia yake mapajani, akawa bosi. Gaston akatumwa hadi kwenye robot, zile taa za barabarani, aje akitembea kama anayekwenda kazini. Mara ya kwanza alifika akasema, «Propa nauni, madam.» Mara ya pili salamu ilitoka, ila aliiambia lami. Salum akaacha viatu vyake, akamshika bega.

— Tazama mtu usoni, bwana. Wewe ndiye stelingi.

Gaston akarudi kwenye robot, akaja tena.

— Good morning, madam. I am Gaston.

— Good morning, Gaston. Karibu ndani.

Nilimmiminia bosi kikombe chake, birika likatoa mashapo matupu. Jua nalo lilishajificha nyuma ya maghorofa. Gaston akavuka barabara, akasimama mbele ya mkewe, na tukamsikia akianza upya.

— Giza inaingia, weye unasema good morning? alisema Célestine.

Kisha akaweka kitana chini, akamnyoosha kola.

— Rudilia.

Akarudia, uso juu, sauti imenyooka. Benchi zima tukaitikia.