Mama Kyakimwa Bénite, Aliyewatafuta Wasomaji Wake Ishirini na Wanane

Wasifu huu umesomwa na mdogo wake, Esdras, kwa niaba ya familia. Butembo, Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024.

Baba Padri, mama yetu Kaswera uliyeketi hapo mbele, walimu mliofika kutoka Beni, ndugu wote wa shirika, jumuiya yetu ndogo ya kanisa: familia imenipa mimi kazi ya kusoma maisha ya dada yetu. Wamenichagua kwa sababu nina sauti kubwa ya gereji, si kwa sababu najua kuandika. Aliyejua kuandika ni yeye. Kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu Kyakimwa Bénite alizaliwa Kipese, katika teritwari ya Lubero, tarehe 3 Machi 1973, akiwa mtoto wa tatu wa hayati Mzee Maliro na Mama Kaswera, wakulima wa viazi. Mama anasimulia kwamba alizaliwa asubuhi ya siku ya soko, na wanawake waliokuwa wakipita na mizigo ya viazi mgongoni waliitua mlangoni ili wamwone. Siku hiyo soko la Kipese lilichelewa kuanza. Toka hapo dada yetu hakuacha kuwachelewesha watu.

Shule ya msingi aliisoma hukohuko Kipese, kuanzia 1979 hadi 1985. Darasani mwao kulikuwa na kitabu kimoja tu cha kusoma, cha Kifaransa, ambacho kurasa zake zilikuwa zimeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Watoto waliokuwa ndani yake walipanda treni na kucheza kwenye theluji. Alikinakili chote kwa mkono, na alipomaliza alimwuliza baba yetu, “Papa, ile kitabu inasema juu ya batoto ba huku, iko wapi?” Baba alimjibu kwamba labda bado kiko njiani. Nadhani alianza kukingoja siku hiyo. Baadaye aliteremka hapa Butembo kwa masomo ya ualimu, akapata diploma ya Serikali mwaka 1992.

Alianza kufundisha Oktoba 1993, na kwa miaka thelathini karibu yote alishika darasa la tatu na la nne. Jioni aliandika hadithi za watoto katika daftari za shule. Alikuwa na utaratibu wake: hakupeleka hadithi kwa mchapaji kabla ya kuisoma darasani kwa sauti, penseli mkononi, na kila mahali mtoto alipopiga mwayo aliweka alama pembeni. Akirudi nyumbani alizifuta sehemu hizo bila huruma. Siku moja nilimwona akifuta ukurasa mzima kwa sababu ya mwayo wa mtoto mmoja. Nikamwambia huenda mtoto hakulala vizuri. Akaniambia nirudi gereji nikatengeneze pikipiki za watu.

Tarehe 12 Agosti 1995 alifunga ndoa takatifu na Mumbere Salomon, fundi seremala, mwenzake wa maisha hadi juzi. Siku ile wazee wa pande zote mbili walipokutana kuzungumza habari za mahari, bibi harusi mtarajiwa hakuonekana. Wajomba walianza kukunja nyuso. Ndipo Salomon mwenyewe alipowaambia, “Kama munamutafuta, mwende ku masomo. Iko nasomea batoto, na hapana atoke mbele hadithi iishe.” Wakamkuta huko shuleni kweli, hadithi haijaisha. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ornella na Ananie, ambao walikuwa wasikilizaji wake wa kwanza na, kwa maneno yake mwenyewe, wabishi kuliko wote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mnalijua nusunusu.

Mwishoni mwa 2013, katika semina ya walimu huko Beni, marehemu alikutana na mwalimu Tamar, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha darasa la nne Eringeti, kaskazini kabisa, kwenye barabara ya kwenda Ituri. Yuko hapa nasi leo. Dada yetu alimwonyesha hadithi mpya, Jembe Lililochelewa Shamba, ya msichana anayetumwa kumpelekea baba yake jembe na kusimama njiani kila anapokutana na mtu. Tamar akamwambia, “Batoto ba mu Butembo banakusifu juu banakuzoea. Leta kwa bangu, batakuambia ukweli.” Dada yetu hakuhitaji kualikwa mara mbili. Januari 2014 nilimpakia kwenye pikipiki, tukalala Beni, kesho yake tukafika Eringeti tukiwa wekundu kwa vumbi hadi kope.

Watoto walikuwa ishirini na wanane. Alisoma ukurasa wa kwanza, ambapo baba wa yule msichana yuko shambani saa sita mchana, anachimba viazi, amevaa sweta nzito. Mtoto mmoja, Lusenge, akainua kidole.

“Mwalimu, ule baba iko mugonjwa?”

“Hapana. Juu ya nini?”

“Anavaa tricot na jua ya saa sita. Iko na malaria.”

“Kwetu ku Kipese kuko baridi, mwanangu.”

“Lakini hadithi haikusema Kipese. Na viazi njo nini? Huku tunalima kakao.”

Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka kuliko wao. Dada yetu hakucheka. Mwanamke aliyekuwa amelalamika toka utoto juu ya kitabu chenye theluji alikuwa amewabebea watoto wa Eringeti baridi ya Kipese, akidhani nchi yote inalala na blanketi tatu. Aliona aibu, alituambia hivyo waziwazi. Akafuta sweta palepale mbele yao, akawakabidhi chaki.

Alirudi Machi, akarudi Mei. Watoto walimwondolea viazi, wakamwekea kakao, wakamfundisha jinsi inavyokatwa na kuanikwa, wakachora picha zote. Majina yao ishirini na manane yaliwekwa ukurasa wa mwisho. Na kabla ya kuondoka mara ya tatu aliwaahidi, mbele yangu na mbele ya Tamar: “Kikitoka, kila mutu nitamuletea chake, mukono kwa mukono. Hapana nitatuma mutu.”

Kitabu kilitoka kwa mchapaji hapa Butembo Novemba 2014. Wakati huo mauaji yalikuwa yameanza katika teritwari ya Beni, na barabara ile haikuwa tena ya kupita na dada yako nyuma. Tulisema tungoje kidogo. Tulingoja Noeli, tukangoja Pasaka. Kisha Eringeti yenyewe ilikimbiwa, shule ikabaki tupu, na darasa la nne likatawanyika, wengine Beni, wengine Oicha, wengine hatukujua wapi. Tamar alitoka na nguo za mwilini na orodha ya darasa ndani ya Biblia yake.

Salomon alitengeneza sanduku la mbao lenye kitasa, na dada yetu akaviweka humo vitabu ishirini na vinane, kila kimoja kikiwa na jina la mwenyewe ndani. Akaanza kutafuta, na alitafuta miaka tisa.

Mwanzoni hakuwa na namna nyingine zaidi ya shule. Aliomba ruhusa kwa mkurugenzi wa shule, akaingia darasani, akawasomea watoto, na baadaye akamwomba mwalimu amwulizie majina ya orodha yake. Hivyo ndivyo alivyojulikana katika shule nyingi za Butembo na Beni. Walimu walipoona watoto wanavyomsikiliza walimwomba arudi. Wengine wakaanza kuandika na watoto wao, na Jumamosi walikutana kwake kusomeana na kukosoana, kila mmoja na penseli yake. Leo watu wanamsifu kwamba aliwapa watoto wetu vitabu vyao na kuwaamsha walimu. Ni kweli. Lakini msimamo wake ulikuwa kwamba anatafuta watoto wake, hayo mengine yalimfuata nyuma.

Kanisani nako alipeleka majina yasomwe kwenye matangazo baada ya misa. Msomaji wa matangazo alikuwa akimwona anakaribia na karatasi anauliza, “Mama Bénite, tena?” Naye anajibu, “Tena, papa.”

Mwaka 2019, wakati wa Ebola, alinitia hatarini. Wakati wa likizo tulifika mtaa mmoja wa Beni, yeye na orodha yake, akaanza kuuliza nyumba kwa nyumba: hapa kuna mtoto wa jina hili? Ana miaka mingapi? Mnajua namna Riposte, wale watu wa kupambana na Ebola, walivyokuwa wakitafuta watu kwa orodha, na namna walivyoogopwa. Bibi mmoja alitoka na jembe.

“Ni ba Riposte! Bafiche batoto!”

“Hapana, mama, mimi niko mwalimu tu!”

“Mwalimu na liste ya majina mu congé?”

Jiwe la kwanza lilipiga taa ya pikipiki yangu. Mimi nilishageuza kukimbia. Dada yetu akafungua sanduku, akatoa kitabu, akaanza kusoma kwa sauti, katikati ya barabara. Alifika ukurasa wa pili kabla mawe hayajakoma. Ukurasa wa nne msichana mrefu alitoka nyuma ya nyumba na kusema, “Hii hadithi ni ya kwetu.” Alikuwa Shalom, wa kiti cha mbele, mwenye miaka kumi na mitano wakati huo. Dada yetu alimpa kitabu chake, kisha akaketi chini kabisa akalia. Bibi wa jembe ndiye aliyemletea maji.

Miaka ilikwenda na watoto wakakua. Alikuwa akiwapelekea kitabu cha watoto vijana wenye ndevu, na wasichana wenye mtoto mgongoni. Nilimwambia, “Yaya, dada yangu, bamekomaa, hapana hitaji yake tena.” Akaniambia kwamba ahadi haina umri. Mmoja alikuwa dereva wa teksi-pikipiki hapa mjini, na siku alipopewa chake alizima pikipiki kando ya barabara, abiria akiwa juu, akatafuta picha yake akaionyesha kwa kila aliyepita. Watatu aliwakuta wamekwisha kufa. Vitabu vyao aliwapelekea mama zao, na kila mama alimwomba asome, akasoma.

Mei 2023 aligundua uvimbe kwenye ziwa. Alipasuliwa Septemba, akapata nafuu, akarudi darasani na kitambaa kichwani. Wanafunzi wakambandika cheo cha malkia. Mwaka huu ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Mwezi wa Agosti Tamar alipiga simu kwamba Lusenge, yule wa malaria, ameonekana Eringeti. Amerudi, analima kakao na mjomba wake. Dada yetu alikuwa amelala. Akaniita.

“Esdras, tosha piki, tuende.”

“Yaya, ile barabara unaijua. Na wewe hata kwikala kitandani unashindwa. Tutaenda ukipona.”

“Na nikikosa kupona?”

Nilijifanya naenda kuangalia moto jikoni. Wote mnaniambia kwamba nilifanya vema, kwamba asingefika Oicha akiwa hai. Huenda. Nilijua kukataa kungemwumiza, nikakataa, na ninajuta, na nilitaka kulisema hili mbele yake kabla hatujamfunika.

Alifariki Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, saa nne asubuhi, hospitalini hapa Butembo, mkono wake ukiwa katika mkono wa Salomon. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Familia inawashukuru waganga, wauguzi, Baba Padri, na walimu waliolala naye kwa zamu.

Ameacha mume mmoja, Mumbere Salomon, watoto wawili, Ornella na Ananie, mjukuu mmoja, mama mzazi, Kaswera, mdogo wake ninayesoma, na wanafunzi wasiohesabika, ambao naona wamejaa hata juu ya ukuta ule.

Na ameacha wanne, ambao vitabu vyao bado vimo sandukuni. Katika misa zote alizowahi kupeleka karatasi yake, hakupata watu wengi kama ninaowaona leo, kwa hiyo naomba kimya, nami nitasoma polepole kama angependa yeye. Lusenge Justin, ambaye sasa tunajua aliko. Kasoki Jemima. Kakule Moïse. Katungu Dorcas. Walikuwa darasa la nne Eringeti mwaka 2014. Leo wana miaka kama ishirini. Kama mmoja wao ni mpangaji wako, mkwe wako, kijana wa duka lako, usitoke makaburini bila kuniona.

Barabara ikiruhusu, Lusenge nitamfikia mwezi ujao. Wengine mkiwapata kabla yangu, waambieni Mama alikuwa anakuja. Mungu amlaze dada yetu pema. Ametembea vya kutosha. Aache sasa tutembee sisi.